Kura ya Odessa Brackeen

Maiti ya Rodrick Tubbs aliiosha Odessa Brackeen mwenyewe, hakumwachia mfanyakazi wake yeyote. Nyumba ya mazishi ya Brackeen ilikuwa imewazika watu wa mashariki ya jiji la Bellhaven tangu enzi za baba mkwe wake, na Odessa alikwisha kuona vifo vya kila namna. Lakini huyu alimjua tangu akiimba kwaya ya watoto kanisani, suruali ikimvuka kiunoni.

Akili ya Rodrick ilianza kumsumbua alipoanza kuwa mtu mzima. Siku ile alikuwa amesimama uani bila shati, bisibisi mkononi, akibishana na watu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Mama yake, Wilhelmina, akapiga simu kuomba msaada. Wakaja polisi wawili. Kabla mama hajamaliza kushuka ngazi za baraza, walikuwa wamekwisha kumpiga risasi.

"Niliwaita mimi," Wilhelmina alisema, amesimama mlangoni mwa chumba cha kuoshea. "Kwa mdomo wangu huu, Odessa. Nilisema tafadhali, njooni haraka."

Odessa aliendelea kumfuta Rodrick masikio, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha.

Wakati huo alikuwa diwani kwa kipindi cha pili. Hakuwa mtu wa makelele. Watu walimjua kwa mitaro na taa za barabarani. Baada ya mazishi yale, alisimama kwenye baraza la jiji akasema sehemu ya fedha za polisi iondolewe, ianzishwe timu ya wauguzi na washauri wa kuwaendea watu waliochanganyikiwa, bila bunduki. Ulikuwa mwaka wa maandamano nchi nzima, barabara zimejaa vijana na mabango. Madiwani walibishana kiangazi chote, na mwisho hoja ikapita kwa kura moja tu.

Watu wa timu ile walivaa mashati ya kijani, na mtaa ukawaita hivyo hivyo, Mashati ya Kijani. Mkubwa wao alikuwa muuguzi mmoja aitwaye Arnulfo Treviño, mtu mnene, mzito wa maneno, asiyejua haraka ni kitu gani. Ugonjwa wa Rodrick ulipomwingia dada yake, Charlesetta, akajifungia bafuni akilia kwamba maji yanamsema, ni Arnulfo aliyekuja. Alikaa sakafuni kwenye ujia, mgongo ukutani, akaanza kumsimulia habari za mbwa wake wawili walioiba nyama ya sherehe ya arusi. Alisimulia weee, mpaka ndani kukasikika kicheko. Mlango ukafunguka.

"Nusu siku nzima," Wilhelmina alimwambia Odessa Jumapili ile, amemshika mikono yote miwili. "Nusu siku amekaa chini na tumbo lake lile! Hakumgusa hata unywele. Odessa, wangekuja hawa kwa Rodrick…"

Hakumalizia. Odessa naye hakutaka amalizie.

Lakini huko mji mkuu wa jimbo wakubwa walikuwa wamekasirika. Gavana alitokea kwenye televisheni akasema jiji litakalowanyang'anya polisi fedha zao litakiona cha mtema kuni. Haikuwa kauli tupu. Bunge la jimbo lilipitisha sheria: jiji la namna hiyo halitaruhusiwa kupandisha kodi ya majengo hata senti moja mpaka lirudishe fedha za polisi, litakatwa na mgao mwingine, na mitaa iliyowahi kuunganishwa na jiji itaweza kupiga kura na kujitoa.

Mtaa wa Sycamore Hills ulikuwa mmojawapo. Ndiko alikokaa Lucius, mdogo wake Odessa, daktari wa meno mstaafu, na ndiko kodi nono ya Bellhaven ilikotoka. Jumapili moja Lucius alikuja kula kwa dada yake kama kawaida, akajipakulia nyama ya moshi na maharage, halafu akasema bila kuinua macho, "Mimi nimetia sahihi."

"Umetia sahihi nini?"

"Tupige kura ya kutoka jijini. Mtaa karibu wote umetia."

Odessa aliweka uma chini. "Wewe, Lucius? Uliyezaliwa nyuma ya reli, ukalelewa na maji ya bomba la jiji hili?"

"Dada, usinianzie habari za bomba. Jimbo limewakaba koo. Kodi ikigandishwa, zahanati ya watoto itafungwa, maktaba itafungwa, mashimo ya barabara yatazaa mashimo mengine. Yote hayo kwa ajili ya watu kumi wenye mashati ya kijani?"

"Na Rodrick je?"

"Rodrick ameshakufa, Mungu amrehemu."

"Ndicho ninachokuambia."

"Na mimi ninachokuambia ni kile kile alichokuwa akisema marehemu baba. Usishindane na tembo kunya, utapasuka msamba."

"Lucius! Mezani!"

"Ni maneno ya baba, si yangu," akasema Lucius, akaongeza maharage. Odessa akacheka kwa hasira, kisha kicheko kikamwishia mdomoni, maana alijua mdogo wake hakukosea kuhusu tembo.

Wiki zile alilala vibaya. Mwanasheria wa jiji aliwaeleza madiwani kwa sauti ya mtu anayesoma wosia: hakuna mlango wa nyuma, wala mahakama ya kukimbilia. Madiwani wanne walisema wasimame imara, wanne wakasema warudishe fedha. Wa tisa alikuwa Odessa.

Wilhelmina alipitia ofisini kwake kati ya mazishi mawili. Hakuketi. "Watu wanasema mengi," alisema. "Mimi nataka kusikia kwako."

"Sitakuangusha, Wilhelmina," Odessa akasema, na siku ile alikuwa akimaanisha.

Jioni yake alikwenda zahanati ya watoto ya upande wa mashariki. Daktari alimwonyesha foleni: kina mama na watoto wenye pumu, wengine wameketi sakafuni kwa kukosa viti. "Wakipunguza fedha, sisi ndio wa kwanza kufungwa," daktari alimwambia. "Tumeshadokezwa." Mtoto mmoja alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayekata mbao. Sauti ile Odessa alitoka nayo mpaka kwenye gari, na mpaka nyumbani.

Siku ya kura ukumbi ulijaa. Sycamore Hills walikaa upande mmoja na mashati yao ya pasi. Arnulfo na wenzake walisimama ukutani nyuma. Wilhelmina alikuwa mstari wa mbele na kofia yake ya kanisani. Meya alipouliza wanaokubali fedha za polisi zirudishwe zote, na timu ya kijani ivunjwe, mikono minne ilipanda mara moja. Odessa aliutazama mkono wake juu ya meza. Kisha ukapanda.

Upande mmoja walipiga makofi. Upande wa pili mtu alipiga yowe, meya akagonga nyundo. Wilhelmina hakupiga kelele. Alingoja mpaka watu wakatawanyika, akaja mbele, akasimama karibu na Odessa kama wanawake wawili wanaotaka kupeana siri.

"Ulimwosha mwanangu kwa mikono hii," alisema. "Leo umeinawa."

Akaondoka. Kanisani alihamia viti vya upande mwingine, na Odessa alipokuwa akigeuza kichwa kidogo, aliona kofia tu.

Siku chache baadaye Lucius alileta pai ya karanga za pekani, bado ya moto. "Imepikwa na jirani yangu. Mtaa mzima unakushukuru, dada. Ile habari ya kujitoa imekufa. Umeokoa jiji."

"Iweke hapo," Odessa alisema. Alikaa nayo mbele yake mpaka ikapoa. Lawama za Wilhelmina alikuwa ameweza kuzibeba. Shukrani za Sycamore Hills zilimwelemea. Pai haikukatwa. Sisimizi ndio walioila.

Kabla ya Krismasi polisi walipata gari jipya la kivita, refu kama nyumba, wakalipitisha kwenye gwaride la sikukuu wakiwarushia watoto peremende. Zahanati haikufungwa. Arnulfo alipata kazi hospitalini katika mji wa mbali, akaja kumuaga Odessa bila kinyongo, na hilo nalo likamuuma.

Majira ya kuchipua, adhuhuri moja, simu ililia. Sauti ile hakuwa ameisikia kwa miezi.

"Ni Charlesetta," Wilhelmina alisema. "Yuko ndani, amefunga milango, anavunja vyombo. Kule siwezi kupiga tena, unajua. Nimebaki na wewe."

Odessa aliendesha gari kama mwizi. Alipofika tu uani, pazia likafunguka kidogo, na ukelele ukatoka.

"Mama! Umeniitia mzika watu! Mimi sijafa! Sijafa!"

Odessa akajitazama. Suti nyeusi, glavu nyeupe, beji ya nyumba ya mazishi kifuani. Akavua glavu, akavua koti, akavua na viatu, akakaa kwenye ngazi na soksi zake ndefu zilizotoboka kidole gumba.

"Sikuja kikazi, mwanangu," alipaza sauti.

"Muongo! Umekuja kunipima!"

"Kukupima na nini? Hata futi sina. Na majeneza ya saizi yako yamekwisha, nimebakiwa na ya wanene tu."

Wilhelmina, nyuma ya mti, alijishika mdomo.

"Ya kina nani?" sauti ikauliza.

"Ya watu kama mimi. Njoo uone mwenyewe hizi nyonga."

Ilichukua muda mrefu. Odessa hakuwa na mbwa wa kusimulia, kwa hiyo alisimulia mazishi: yule mchungaji aliyezika mtu akimtaja kwa jina la mwingine, wale wajane wawili waliokutana kaburini kwa mume mmoja. Jua lilimchoma mpaka utosini. Mwishowe Charlesetta akafungua, akatoka na kipande cha sahani mkononi, akampa kwa upole kama anayetoa zawadi.

Tangu hapo namba ya Odessa ilizagaa mtaani. Watu walimpigia, naye akaenda, safari hizi akiwa na gauni la maua, kwa sababu wenye utani walikwisha kuanza: "Jamani, mzika watu siku hizi anakuja kabla ya wakati!" Alipokwama alimpigia Arnulfo, naye akamwelekeza kwa sauti yake ile isiyo na haraka. Mara nyingine alifaulu, mara nyingine hakufaulu. Alikuwa mtu mmoja, mwenye kazi yake, na umri umekwenda.

Ilitokea siku ya kumzika shemasi mmoja mzee. Odessa alizima simu, kama anavyofanya kila akifika makaburini. Aliporudi garini na kuiwasha, ikamiminika milio ya simu alizozikosa, zote za Wilhelmina.

Charlesetta alikuwa ametoka barabarani na nguo ya kulalia, akisimamisha magari. Jirani mpya, asiyejua chochote, aliita polisi. Odessa alipofika, gari lao lilikuwa bado pale, Charlesetta ndani yake kiti cha nyuma, kifundo cha mkono kimevunjika, macho yametulia kupita kiasi. Walimpiga shoti ya umeme akaanguka vibaya. Askari kijana alikuwa amesimama kando.

"Zamani tulikuwa na watu wa kuwaita, mama," alimwambia Odessa, kana kwamba anamwomba radhi. "Wale wa kijani. Nilipofundishwa kazi waliniambia, ukiona hivi, ita wale. Siku hizi hatuna wa kumwita. Sikujua nifanye nini."

Wilhelmina alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, kandambili moja mguuni. Odessa akakaa naye, na suti yake nyeusi, kwenye vumbi.

"Yu hai," Odessa alisema.

"Yu hai," Wilhelmina akaitikia. "Ndiyo shukrani tuliyobakiziwa."

Charlesetta alishitakiwa kwa kumpiga askari teke. Alikaa rumande mpaka kiangazi kikaisha, kisha akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya jimbo, mbali kusini. Muhula wa Odessa ulipomalizika hakugombea tena. Lucius alimsihi sana, akisema jiji bado linamhitaji. Alimjibu kwamba wafu wanamtosha.

Wilhelmina hakuwa na gari la safari ndefu, kwa hiyo Odessa ndiye aliyempeleka kumtazama binti yake. Hawakuwa marafiki kama zamani. Walizungumza habari za joto, bei ya mayai, mchungaji mpya anayehubiri mpaka watu wanasinzia. Wakati mwingine walitazama tu mashamba ya pamba yakipita huku na huku.

Siku moja, wakiwa wanarudi, Wilhelmina alisema, "Nikuulize kitu, nawe usinipige chenga."

"Uliza."

"Siku ile. Ungeweza kuuacha mkono wako chini?"

"Zahanati ya watoto ingefungwa, Wilhelmina. Niliwaona wale watoto kwa macho yangu."

"Sijakuuliza zahanati."

Odessa aliendesha. Lori la ng'ombe liliwapita, harufu ikaingia garini, ikatoka. Alikuwa na majibu mengi, yote ya kweli: tembo, sheria, pumu, Sycamore Hills. Aliyapanga yote, na hakuona hata moja la kumpa mwanamke aliyeketi pembeni yake.

"Ningeweza," alisema.

Wilhelmina aliitikia kwa kichwa polepole, kuonyesha tu kwamba amesikia. Akashusha kioo cha dirisha, akautoa mkono nje, akauacha upigwe na upepo mpaka walipofika mjini.