Povu la Kwanza

Mzee Solomoni alizaliwa na Elinaza, naye Elinaza alizaliwa na Simel, yule aliyegawa maji ya mfereji kule Poli kwa miaka thelathini bila jirani hata mmoja kumnung'unikia. Elinaza alikuwa mzee wa kanisa. Solomoni mwenyewe alikuwa mwalimu hadi alipostaafu, na wanafunzi aliowahi kuwakamata na sigara nyuma ya choo cha shule wangali wanavuka barabara wakimwona, ingawa baadhi yao sasa wana wajukuu. Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kulala mtaroni kwa ulevi, na jambo hilo Mzee Solomoni alipenda lijulikane.

Hata hivyo nyumba yake ilikuwa na desturi moja. Wazee wa ukoo walipokutana, pombe ya ndizi ililetwa na mjukuu. Mtoto alishika kibuyu kwa mikono miwili, akapiga goti, na kabla babu hajanywa, akaruhusiwa kulamba povu. "Povu la kwanza ni la mjukuu," babu alitamka, na wazee wakacheka kwa upendo. Solomoni alilamba povu la Simel. Nelson mwanawe alilamba la Elinaza. Hakuna aliyeona kosa.

Desemba hii wajukuu wawili waliletwa kutoka Sekei na mama yao, Vaileth, mke wa Nelson: Tabea wa miaka sita na Mika wa miaka mitatu. Mzee aliisubiri likizo hiyo mwaka mzima. Kikao cha ukoo kilikuwa Jumamosi, na Ijumaa dumu la pombe lilikuwa tayari pembeni mwa jiko la nje, limefunikwa kwa jani la mgomba tu.

Asubuhi hiyo Mzee alikuwa akipogoa mibuni aliposikia mtu akikohoa kama yeye.

"Kimya! Kikao kimeanza!"

Alichungulia. Tabea alikuwa ameketi juu ya kigoda, shuka begani, kopo la ugoro la babu mapajani. Mbele yake Mika alikuwa amepiga goti na kikombe cha plastiki.

"Povu la kwanza ni la mjukuu. Haya, mjukuu, maliza yote."

Mzee alikaribia kucheka, maana alijisikia mwenyewe, neno kwa neno. Kisha Mika akajaribu kusimama, akayumba, akaanguka chali, macho yake yakielea.

"Amekunywa vikombe vingapi?"

"Vitatu, babu. Povu liliisha, nikamchotea ya chini."

"Nawe?"

"Mimi ni mwenyekiti. Mwenyekiti hunywa mwisho."

Vaileth alimbeba mtoto mbio, wakapanda bodaboda hadi zahanati. Mzee alifuata kwa miguu, bila kofia, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona. Muuguzi alimpima Mika, akampa uji wenye sukari, akamweka chini ya uangalizi hadi alasiri.

"Mmemuwahi," alisema. "Mwili wa mtoto huyu hauhimili pombe. Na huo ugoro mnaousema, hakuulamba?"

"Hakuulamba," alijibu Mzee kwa sauti ndogo.

Mika alirudi nyumbani akidai ndizi. Lakini Vaileth alikuwa tayari anapanga nguo za watoto katika begi.

"Baba, heshima yangu kwako haijapungua," alisema. "Ila kesho naondoka na watoto, na likizo zijazo hawatakuja hapa."

Mzee Solomoni aliketi kando ya mkewe, Bibi Elinipa.

"Kosa si la Tabea," alisema. "Amefundishwa, na mwalimu ni mimi."

Akainuka. Alivuta sanduku la bati la siku zake za ualimu, akatia ndani kopo la ugoro, kiberiti, vidonge vyake vya shinikizo la damu vilivyokaa dirishani na dawa ya kikohozi ya mkewe. Akalipiga kufuli. Dumu akalipeleka stoo, nako akafunga.

"Ufunguo mmoja ni wangu," alimwambia Vaileth. "Wa pili ukae kwako, mwanangu. Na ile chupa ya Nelson, chini ya televisheni huko Sekei, ufunguo wake anao nani?"

Vaileth aliacha kupanga nguo. Bibi Elinipa akaangua kicheko.

"Umeshikwa, mama!"

"Nimeshikwa kweli," Vaileth akakiri, naye akacheka. "Nampigia Nelson sasa hivi."

Siku ya kikao, Mzee Ezra, rika lake Solomoni, alitazama huku na huku.

"Solomoni, mlamba povu yuko wapi? Au umeokoka jana?"

"Yuko kwa bibi yake anakula. Pombe nimeileta mwenyewe, na magoti yananiuma, kwa hiyo kunywa bila mbwembwe."

Wazee wakacheka.

"Lakini ni mila yetu!" alisema Ezra.

"Mila ni mtoto kumtumikia mzee. Povu tuliliongeza sisi, na jana limemwangusha mjukuu wangu."

Ezra alikuwa ametoa ugoro wake kuuweka chini karibu na kigoda. Aliutazama, akaurudisha mfukoni.

Vaileth aliingia na sinia la ndizi za nyama, akapiga goti mbele ya baba mkwe wake.

"Baba, nguo za watoto nimezirudisha kabatini. Watakaa mpaka shule zifunguliwe."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Kisha akasimama, akawageukia vijana waliokaa nyuma, wenye watoto wadogo majumbani.

"Nanyi nisikieni. Mtoto hatendi unalomwambia. Hutenda analokuona ukitenda. Leo hii, kabla hamjalala, kila mmoja azunguke nyumba yake. Pombe, sigara, ugoro na dawa vikae mahali penye kufuli, na ufunguo uwe mwilini mwako. Sigara usiwashe mbele ya mtoto, wala usimtume kukununulia. Siwaombi. Nawaagiza, na Jumapili baada ya ibada nitapita nyumba kwa nyumba kukagua."