Jozi Moja ya Kwenda Jojia

Kumwambia mtu wa Ørsta, kule Norwe, achague jozi moja tu ya ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, ni kama kumwambia achague mtoto mmoja wa kusafiri naye. Jarle Vatne alikuwa na jozi tisa kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na mkewe Torunn alikuwa ameshaacha kuzihesabu. Lakini ndege ndogo inayopeleka watu mpaka chini ya milima ya Kaukazi, kule Jojia, haina mzaha: kila abiria mfuko mmoja, kila mfuko jozi moja, na asiyetaka abaki kwao. Kwa hiyo ilitakiwa jozi ya kufanya kila kazi. Ishike barafu ya asubuhi kule juu, ielee kwenye theluji laini ya msituni, na isigome mchana jua likishageuza mteremko mzima kuwa uji.

Kila Machi kwa miaka kumi na tisa walisafiri watatu: Jarle, Oddvar mwenye duka la ski, na Sigbjørn fundi bomba. Na kila mwaka mchaguzi alikuwa Jarle. Oddvar aliuza ski maisha yake yote, lakini zake mwenyewe hakuwahi kuzichagua. Alingoja Jarle aseme, kisha anachukua hizo hizo, na Sigbjørn anafuata mkumbo. Watu walisema miguu ya Jarle ina macho. Alikuwa akizivaa ski, anakata kona tatu, halafu anakwambia zitakufanyia nini mwezi wa Aprili, na mwezi wa Aprili zinakufanyia hivyo hivyo.

Sasa miguu hiyo ilikuwa imekufa ganzi. Majira yote ya joto alikuwa akitundikiwa dawa za saratani ya utumbo, na saratani ikaondoka, daktari akampa mkono wa pongezi. Dawa ziliacha alama yao. Tangu Oktoba, kuanzia vidole vya miguu mpaka juu kidogo ya vifundo, Jarle hakusikia kitu. Huenda hisia zitarudi baada ya mwaka, alisema daktari, huenda baada ya miwili, na huenda zisirudi. Jarle alimsikiliza kama anayesikiliza hali ya hewa ya mkoa wa watu wengine, akasema asante, akaenda kutafuta gari lake alikoliegesha.

Mtu angetarajia alie, au japo atukane. Hakufanya hata kimoja, na hilo lilimtisha Torunn kuliko saratani yenyewe. Ganzi ilikuwa imepanda ikapita vifundo, ikamwingia mwili mzima. Mjukuu alizaliwa Novemba, Jarle akambeba, akasema ni mzuri, akamrudisha. Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamsogeza, nacho ni Jojia. Alikuwa amejiaminisha kwamba akisimama tena kileleni na wenzake wawili, kitu ndani yake kitaamka. Na alijua pia kwamba akiwaambia hali ya miguu yake, hawatampeleka. Kule milimani hakuna gari la wagonjwa. Theluji ikimfunika mmoja, wa kumtoa ni mwenzake aliye karibu, na ana dakika chache tu za kumfikia.

Jumamosi moja ya Februari asubuhi alishuka ngazi, akaingia jikoni. Torunn alimwangalia miguuni, akatoka, akarudi na ndara moja iliyobaki kwenye ngazi, akaiweka chini mbele yake. Jarle alikuwa ametembea nusu nyumba na mguu mmoja mtupu juu ya sakafu ya baridi.

"Umewaambia?" Torunn aliuliza.

"Nitawaambia."

"Lini? Mkishafika?"

"Torunn."

"Usinitorunn mimi. Oddvar akifunikwa, wa kumchimbua nani? Si wewe?"

"Mikono yangu mizima."

"Mikono itafikaje alipo, itaruka?"

Jarle alikata kipande cha jibini la kahawia, akakiweka juu ya mkate, akala. Maneno yalimwingia sikio moja yakatokea la pili. Alijua mkewe ana haki, lakini kujua kwenyewe kulikuwa kumelala. Akachukua buti zake, akaenda.

Oddvar alikuwa amesimamisha meza yake chini ya lifti ndogo ya kijiji inayopandisha watu mlimani, kama afanyavyo kila mwaka siku za kujaribu ski mpya, na chupa ya kahawa na sahani ya waffle zilizokwisha kupoa. Theluji ilikuwa ikianguka nzito, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la kibanda. Watu hawakuja. Alimtengea Jarle jozi mbili, akazichomeka wima kwenye rundo la theluji kando ya meza.

"Nimekuchujia," alisema. "Zote urefu mmoja, kiwanda kimoja. Hizi nyembamba kidogo, hizi pana kidogo. Tofauti yake upana wa kidole gumba. Mwaka huu wamezipaka zote rangi moja, sijui rangi ziliwaishia. Vifungo nimeshavipima kwa buti lako. Sema neno, bwana. Sigbjørn kanipigia mara mbili tangu saa mbili, anauliza mzee kaamua nini."

"Mwambie anywe kahawa."

"Keshakunywa mpaka anatetemeka."

Jarle alivaa zile nyembamba, akapanda na lifti, akashuka. Alikata kona zake tatu, kisha nyingine tatu, akingoja chini ya unyayo kitu alichokuwa akikisikia tangu akiwa na miaka mitatu: ule mkwaruzo mdogo wa ukingo wa chuma ukiuma theluji. Hakikuja. Alishuka kwa mazoea tu, magoti yakifanya kazi yao, macho yakitazama mbele, na kutoka pembeni hakuna ambaye angemtilia shaka. Akabadilisha, akavaa zile pana, akashuka tena. Ikawa vile vile. Hakuhuzunika. Aliona tu kwamba ni vile vile.

"Enhe?" Oddvar alisema.

"Ngoja kwanza."

Alizichomeka tena kwenye rundo, akanywa kahawa amesimama. Oddvar alikuwa na mteja mmoja, mama aliyetaka glavu, akageuka kumhudumia. Theluji ilizidi, ikazipaka ski zote nne weupe kuanzia ncha mpaka mkia. Jarle aliweka kikombe, akachomoa ski mbili, akazitupa chini, akakanyaga vifungo vikalia, akaondoka. Hakutazama chini. Mtu wa ski hatazami miguu yake. Tunawafundisha watoto hivyo kabla hawajajua kufunga zipu.

Safari hii alishuka kwa kasi, kwa sababu alikuwa ameshaamua kwamba atasema lolote. Alipofika chini alikuwa na uongo wake tayari, na ulikuwa uongo mzuri.

"Hizi," alisema. "Zinashika barafu vizuri, hazitetemeki. Na ukiingia kwenye laini zinapanda juu zenyewe. Tuchukue hizi, wote watatu."

Oddvar alikuwa na kalamu mkononi, anataka kuandika. Akapiga magoti kwenye theluji, akafuta kwa glavu mkia wa ski ya kushoto asome namba. Kisha akafuta ya kulia. Akarudisha macho kushoto, akayapeleka kulia.

Mguu wa kushoto ulikuwa na ski nyembamba. Wa kulia ulikuwa na ski pana.

Oddvar aliangua kicheko, kicheko cha tumbo, mpaka akaketi kitako kwenye theluji.

"Umeniweza," alisema. "Mshenzi wewe, umeniweza kabisa. 'Zinashika barafu, zinapanda zenyewe.' Na uso umeukaza kama mchungaji kanisani."

Jarle naye alikuwa akitazama chini. Theluji iliyofutwa ilionyesha kila kitu. Hata mtoto angeona. Alikuwa ameshuka mlima mzima na ski mbili zisizo ndugu, na hakujua.

"Kama ile ya Sigbjørn," Oddvar aliendelea, akijifuta machozi. "Ulipompakia ski zake nta ya kupandia, ile inayonata, akakwama katikati ya mteremko kama ng'ombe, watu wanampita. Nilidhani ugonjwa umekumaliza utani, ndugu yangu. Tangu Oktoba umekuwa ukitutazama kama picha ukutani. Hata mke wangu alisema. Na mimi nikamwambia, mwache, akipata ski miguuni atarudi."

Njia ilikuwa wazi mbele ya Jarle. Hakutakiwa kusema uongo mwingine. Kazi yake ilikuwa kucheka tu. Akacheka. Alisikia sauti yake ikitoka, ikafaa, na Oddvar akampiga paja kwa furaha na kuinuka, akijikung'uta makalio.

"Haya basi, utani pembeni," Oddvar alisema, akaokota kalamu. "Ipi? Mimi navaa utakayosema wewe. Kule Uswisi theluji ilinifunika mzima, sikuona hata mkono wangu, na nilikuwa nimetulia tuli. Unajua kwa nini? Nilijua uko juu yangu mteremkoni na unakuja. Dakika tisa, ukanichimbua. Mke wangu mpaka leo hajui nilikuwa sina hofu. Kwa hiyo sema, nyembamba au pana, niandike, nimpigie yule chizi aache kunywa kahawa."

Jarle alifungua kinywa ataje moja. Yoyote ingefaa. Kati ya mbili hakuna mbaya, na Oddvar angeandika bila kuuliza. Alitazama kalamu iliyokuwa ikingoja juu ya karatasi yenye matone ya theluji, akaona kwamba mtu huyu atapanda ndege, atasimama chini yake kwenye mteremko wa nchi ya watu, na atatulia tuli.

"Sijui," alisema.

"Hujui nini?"

"Sijui ipi. Haukuwa utani, Oddvar. Sikujua nimevaa nini."

Oddvar alianza kutabasamu tena, kisha tabasamu likaishia njiani.

"Miguu siisikii," Jarle alisema. "Ni zile dawa. Tangu Oktoba."

"Na tiketi tumekata Januari."

"Ndiyo."

"Ulikaa mezani kwangu Januari, ukala kondoo, ukasema uko fiti."

"Nilisema."

Oddvar hakumtukana. Pengine angemtukana ingekuwa nafuu. Aliweka karatasi mezani, akaweka chupa ya kahawa juu yake isipeperuke, akarudi na kupiga magoti mbele ya Jarle. Akafungua kifungo cha ski ya kushoto, kisha cha kulia, kazi ambayo kwetu anafanyiwa mtoto au mlevi. Akazisogeza pembeni. Akamketisha kwenye kreti, akamvua buti moja na soksi, hapo hapo kwenye theluji, na Jarle akamwacha afanye.

Akabonyeza kidole gumba cha mguu.

"Unasikia?"

"Hapana."

Akabonyeza unyayo, kwa nguvu, mpaka ngozi ikaacha alama nyeupe.

"Hapa?"

"Hapana."

"Kisigino?"

"Hapana."

Mkono ulipanda taratibu, ukapita kifundo, ukapanda kidogo tena. Ulikuwa mkono mkubwa wa baridi, wenye nta iliyoganda kwenye kucha.

"Hapo nasikia," Jarle alisema.

Oddvar aliuacha mkono pale pale. Hakumtazama usoni, alikuwa akitazama mguu mtupu na theluji inayoanguka juu yake bila mwenyewe kuusogeza.

"Mwaka huu tutaenda wawili," alisema mwishowe.

"Ndiyo," Jarle alisema. "Nendeni."

Na neno hilo lilipomtoka, pua ilimwasha, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba kitu kikamuuma. Kilimuuma sana, akainamisha kichwa mpaka kikagusa bega la Oddvar, na hakujitahidi kuzuia machozi.