Ottilia Alitaka Kusikia Yote

Kiliani alikaa miaka minne kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na kitu pekee cha maana alichorudi nacho Ruanda, kijijini kwao Umatengo, kilikuwa Kiswahili. Kilimfaa sokoni, kilimfaa kwenye chama cha kahawa. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja kingemweka katikati ya mke wake na daktari.

Mwaka wa 1953, mvua zilipokatika, Ottilia alimwonyesha uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu kama punje ya hindi kavu. Alikuwa ameuficha tangu mavuno yaliyopita. Wakateremka milima kwa miguu siku mbili hadi hospitali ya misheni ufukoni mwa Ziwa Nyasa, na wiki ileile Sista Notburga, mtawa daktari mwenye mikono mipana kama ya seremala, akaliondoa titi lote. Ugonjwa aliuita kansa.

Maumivu yalikuja siku ya tatu, na yalikuja kwa njia ambayo Ottilia hakuitegemea.

"Baba Celestina," alimnong'oneza mumewe, "titi halipo. Mbona chuchu inawasha?"

Kiliani aliona haya kuitafsiri habari hiyo mbele ya mtawa, lakini akaitafsiri. Sista hakushangaa.

"Mwambie hana wazimu. Mishipa iliyokatwa bado inapiga kelele. Nimemkata mtu mguu, akaniambia kidole chake kikubwa kinauma."

Ottilia akacheka, mara ya kwanza tangu watoke nyumbani, kisha akashika kidonda akasaga meno.

Sindano za kutuliza maumivu alizikataa. Alisema anamtolea Mungu maumivu yale, akawa anauma kitambaa mpaka kikatoboka. Sista akamwambia, "Mungu hakuniagiza nikunyime dawa. Na huo mkono usipoufanyisha kazi sasa, utaganda ulivyo." Ottilia alilifikiria neno hilo mchana kutwa. Kesho yake akapanga mwenyewe: sindano moja asubuhi kabla ya mazoezi, nyingine wakati wa kulala, ya mchana hapana, kwa sababu ilimtia usingizi naye alitaka awe macho Kiliani amleteapo chakula.

Mazoezi yenyewe yalikuwa kusimama mbele ya ukuta na kuutambaza mkono juu kwa vidole. Kiliani alimtazama akiwa mlangoni, bakuli la ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwani, mikononi. Vidole vilipanda kidogo, vikasimama. Jasho lilimtiririka shingoni. "Hapa nimevuka mto," alisema Ottilia kwa Kimatengo, akisemesha ukuta. "Hapa kilima cha kwanza." Siku hiyo aliishia kilima cha kwanza. Siku ya kumi alivuka cha tatu. Kiliani, aliyewahi kuona wanaume wenye misuli wakilia kwa miiba ya mkonge, alisimama pale mpaka usipa ukapoa.

Wiki ya tano Sista aliwaita wote wawili. Alizungumza kwa muda mrefu, polepole, akimkazia macho Ottilia ingawa maneno yalikuwa yakipita kwa Kiliani. Kuna uvimbe mdogo umebaki ndani kabisa ya kwapa, alisema, karibu na mshipa mkubwa wa damu, na kuukata ni kuhatarisha mkono wenyewe. Iko njia nyingine, kulifungua tumbo na kuondoa vile vifuko viwili vya mayai ya uzazi, maana vinatoa kitu kinachoulisha ugonjwa. Kwa wanawake wengine ugonjwa hulala miaka. Kwa wengine haisaidii kitu. Hatazaa tena. Na asipofanyiwa, huenda asifikishe mwaka.

Kiliani akamgeukia mkewe. "Sista anasema kuna kidonda kidogo kimebaki ndani. Atakitibu."

Ottilia alimtazama.

"Sista amesema mpaka koo limemkauka. Wewe umesema kwa pumzi moja. Mengine umeyaweka wapi?"

"Ni mambo ya kidaktari tu, Mama Celestina."

"Nimesikia mwaka. Nimesikia kuzaa. Kiswahili cha katekisimu kinanitosha kuyajua hayo. Nipe yote."

Kiliani akayatoa yote, moja moja. Alipomaliza alikuwa analia. Ottilia hakulia. Alikaa huku ameushika mkono wa kushoto kwa wa kulia, kisha akaanza kuuliza.

"Wanawake wangapi amewafanyia hivi?"

"Kumi na mmoja," alijibu Sista.

"Walio hai?"

"Wanne wamepita miaka mitatu. Watano wamekufa. Wawili walirudi kwao, sijui habari zao."

"Jembe nitashika lini?"

"Usilishike kabla ya miezi mitatu."

"Na maumivu yakirudi nami niko Ruanda, milima siku mbili, nani atanipa dawa?"

Sista Notburga alikiri kwamba swali hilo hajawahi kuulizwa. Alisema anaweza kumwandikia mganga wa zahanati iliyo jirani na kwao, na kumpelekea dawa zitakazotunzwa kwa jina la Ottilia.

"Basi barua iandikwe kwanza," alisema Ottilia. "Habari ya tumbo nitaijibu nikiiona barua."

Barua ilipokuwa mezani, kabla hajajibu, aliwasili Aloisi, kaka mkubwa wa Kiliani, na wazee wawili wa ukoo. Kiliani aliwaamkia shikamoo, akawaeleza. Aloisi akatikisa kichwa. Watoto watatu ni wachache, alisema, na mwanamke aliyeondolewa uzazi ni shamba lililotiwa chumvi. Arudishwe nyumbani, huko Tingi kuna mtu wa mizizi.

"Kaka," alisema Kiliani, "nami nilijaribu kumwamulia. Nilimficha maneno ya daktari. Sijawahi kuona aibu kama siku ile. Aulizwe mwenyewe."

Ottilia aliongea ameinamisha macho, kama adabu inavyotaka, ila sauti haikuinama.

"Shemeji, nina watoto watatu wanaojua kuniita mama. Siwezi kuwaacha kwa ajili ya wa nne ambaye hajulikani. Nitakatwa."

Akakatwa. Safari hii sindano alizipokea bila kubembelezwa. Uvimbe wa kwapani ulinywea hadi Sista akashindwa kuupata kwa vidole, na mwezi Agosti wakapanda milima kurudi Ruanda, wakipumzika kila kilima. Baridi ya Umatengo ilikuwa kali, watu wamejifunika mablanketi, lakini Ottilia alikuwa akipandwa na joto ghafla, anatoka nje kujipepea kwa kanga huku majirani wakimshangaa.

Msimu wa kulima ulipofika mkono haukuwa tayari. Kwa Wamatengo mume hupanga nyasi kwa miraba mteremkoni, mke ndiye huchimba ndani yake mashimo yaitwayo ngolo, na udongo wake huwa matuta ya kupandia. Mwaka ule Kiliani alipanga na kuchimba. Wanaume wa ng'ambo ya bonde walimpigia miluzi. Ottilia alikaa pembeni kwenye jiwe akimsahihisha: "Hilo si ngolo, hilo ni kaburi la mbuzi. Panua." Mwaka wa pili alichimba mwenyewe, taratibu, kwa jembe dogo.

Aliishi miaka saba. Ule wa mwisho ugonjwa uliingia mgongoni, na mganga wa zahanati alimletea dawa mpaka kitandani. Alimwoza Celestina. Na katika miaka ile wanawake walianza kumjia, wengine kutoka mbali, wakiuliza kwanza habari za mbegu za maharage.

Wa kwanza alikuwa Luisa wa Namswea. Aliuliza habari za mbegu, akaombwa aketi, akaendelea kusimama, mkono umebana kifua. Ottilia alimwelewa. Akamwomba Kiliani awapishe. Kutoka uani Kiliani alisikia vifungo vya gauni la mkewe vikifunguliwa.

"Naweza kugusa?" aliuliza Luisa.

"Gusa."

"Inauma?"

"Siku za baridi inauma. Nikicheka sana inauma. Siku nyingine naisahau kabisa. Wewe lako limeanza lini?"

Luisa akaanza kueleza, kwa sauti ndogo. Ottilia akamwacha amalize, halafu akamwita Kiliani apike, kwa sababu alfajiri yeye na mgeni wangeshuka ziwani kwa Sista, na ni vizuri mtu ashuke ameshiba.