Oili Iliyozidi Alama

Faiz alijua tangu Jumatatu. Asubuhi hiyo jirani yake Wafula, aliyekuwa akisambaza mikate madukani kwa kigari cha dizeli, aliegesha mbele ya gereji ya Faiz hapo Junda akaomba atazamiwe oili. Faiz akachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili.

"Unaona?" Wafula alisema, amefurahi. "Hii gari haili oili hata kidogo. Inazidi kuongezeka."

Oili haizaliani ndani ya injini. Faiz aliipikicha kwa vidole. Haikunata, ilichuruzika kama maji, na ilinuka dizeli. Nozeli moja, ya kupulizia dizeli kwenye injini, ilikuwa ikivuja, dizeli inashuka chini na kuilegeza oili. Ilitakiwa imwagwe palepale, na gari lisitoke. Lakini Faiz alikuwa na lori la mchanga limefunguliwa gia, na mwenye lori amemsimamia kichwani.

"Niletee Jumamosi," alisema.

"Kwa sasa naweza kutembea nayo?"

"Tembea tu."

Alhamisi saa saba mchana, Rispa, mkewe Wafula, alishikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yao ya kwanza katika miaka tisa ya ndoa. Wafula akampakia, wakashika njia ya hospitali, na walipofika Kengeleni wakakuta magari yamesimama. Oili yoyote hulegea ikipata moto. Ile iliyokwisha kulegezwa na dizeli, ilipochemka kwenye foleni ile, haikubakisha hata utando wa kutenganisha chuma na chuma. Injini iligonga mara mbili tatu, ikashika, isizunguke tena. Wafula alimbeba mkewe mikononi katikati ya magari, akitafuta tuktuk. Mtoto alizaliwa kimya. Wangewahi kwa nusu saa, muuguzi alisema, huenda angeishi.

Walimzika Ijumaa. Jumatatu iliyofuata gari likavutwa kwa kamba hadi gereji. Wafula aliketi juu ya tairi kuukuu, akamtazama Faiz akifungua injini. Beringi zilikuwa zimeungua, nyeusi, moja imegandana na krenki, ule mhimili wa injini.

"Ilikuwa nini, fundi?" Wafula aliuliza. "Rispa anasema ni mimi. Eti niliikimbiza sana gari."

Faiz angeweza kusema ni joto, na asingekuwa amesema uongo. Alifuta mikono kwa tambara, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa imetakata.

"Si wewe, ndugu yangu. Dizeli ilikuwa imeingia kwenye oili ikaifanya nyepesi. Niliiona Jumatatu ile."

"Ile uliniambia nitembee?"

"Ile ile."

Wafula hakuinua sauti. Alikaa akiyatazama magoti yake. "Tulikuwa tumempa jina," alisema. "Phoebe. La mama yake Rispa." Kisha akainuka. "Twende ukamwambie mwenyewe."

Walipita vichochoroni hadi nyumbani kwa Wafula. Rispa alikuwa ameketi kitandani, amejifunga leso kifuani kwa sababu maziwa yalikuwa bado yanatoka, na leso ilikuwa imelowa. Faiz alisimama mlangoni, akaeleza yote, kuanzia kile kijiti.

"Rudia," Rispa alisema.

Akarudia. Sauti ilimkatika kwenye lile neno, tembea tu.

Rispa hakumtazama. Alimgeukia mumewe. "Na mimi siku zote hizi nakataa chakula chako," alisema. "Unapika, nakataa." Akamshika mkono wa shati, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Wafula akaketi kando yake, naye akalia.

Faiz alitaka kuomba msamaha, lakini hakuona pa kuuweka. Baada ya muda Wafula alikuja mlangoni, akaurudisha mlango polepole hadi ukafungika. Faiz alibaki nje, kwenye jua, akisikia vilio vya watu wawili.