Steringi Hafi, Mwalimu

Naandika haya nikiwa na vidole vilivyokunjamana kwa maji ya sabuni, na ninayaandika kwa hasira. Siku vizazi vijavyo vitakapouliza haki ilikufa lini katika shule yetu ya bweni, vijibiwe hivi: ilikuwa Jumamosi, saa nane na nusu mchana, kwenye swali la mwisho la chemsha bongo.

Zawadi ya chemsha bongo ilikuwa moja tu. Shule ina televisheni moja, na chumba chake kinatosha bweni moja. Bweni litakaloshinda ndilo litakalotazama kipindi cha mwisho cha tamthilia ya wenye duka la vitambaa, saa kumi kamili, na kipindi hicho hakirudiwi. Kwa vipindi sitini na viwili tumekosa raha, tukitaka kujua nani alilichoma lile duka. Wengine walisema mkwe, wengine fundi cherehani. Mimi peke yangu nilisema ni babu, yule wa kiti cha magurudumu, kwa sababu katika kipindi cha tisa soli za viatu vyake zilikuwa na tope. Asiyetembea anaokota wapi tope? Nilichekwa wiki nzima.

Mambo kama hayo hayanipiti. Najua kuwa saa ya ukutani katika nyumba ya wale wenye duka imesimama saa nne na dakika kumi tangu kipindi cha kwanza, na hakuna aliyewahi kuchelewa kazini. Najua kuwa mvua ya kwenye filamu huwasubiri wapendanao wagombane kwanza. Namjua jambazi mmoja mwenye pengo aliyeuawa katika filamu nne, na katika ya tano akaonekana anauza magazeti, mzima kama kigongo. Kwa elimu hiyo naitwa Trela. Wenzangu hudai ni kwa sababu namwaga mtama kabla filamu haijaanza, lakini wenye wivu hawajinyongi.

Basi, tulikuwa sare na bweni la pili. Mlezi, mwalimu anayelala jirani na mabweni na kutuamsha kwa filimbi, akavaa miwani na kusoma karatasi yake.

"Swali la mwisho. Ile filamu ya daraja la reli, steringi alikufaje?"

Nikasimama. "Mwalimu, kwa heshima zote, steringi hafi."

"Alikufa. Alianguka darajani akazama mtoni."

"Akifa, mwalimu, huyo si steringi. Huyo ni rafiki wa steringi."

Bweni letu likapiga meza. Hata mtoto wa chekechea anaijua sheria hii. Steringi ndiye mwenye filamu. Akipigwa risasi, ni ya bega. Akiangukiwa na ghorofa, anatoka anajipangusa vumbi. Anayekufa ni rafiki yake, tena akishamaliza kusema yote aliyotaka kusema.

"Kijana, nimeona kwa macho yangu," Mlezi akasema, na sauti yake ilikuwa na msiba kweli. "Muziki wa huzuni ukapigwa, mke wake akalia, ikaisha. Siku ile sikula."

"Iliisha filamu, mwalimu, au iliisha diski?"

"Diski ya pili niliiweka. Ilikuwa ya ufugaji wa sungura. Niliitazama yote. Nilidhani mjane ameanzisha mradi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nyuma yangu mtu alinivuta shati: alikuwa Rimoti, rafiki yangu wa kitanda cha juu, aitwaye hivyo kwa sababu hupotea hasa anapohitajika. Safari hii, kwa bahati mbaya, alikuwepo.

"Trela, kaa chini," akanong'ona. "Kaa, ndugu yangu, tushindwe kwa amani."

Maana Rimoti alijua. Muhula uliopita ni mimi niliyechomoa diski ya pili kutoka kwenye kabati la walimu na kupachika sungura mahali pake. Ulikuwa utani mdogo, usio na ubaya. Diski ya kweli ilikuwa kwenye sanduku langu, chini ya soksi.

Wavulana arobaini wa bweni letu walinitazama. Nikinyamaza, televisheni inakwenda kwa bweni la pili. Nikisema, nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Ila pia kulikuwa na marehemu wa kutetewa. Mtu mzima anamwomboleza mtu aliye hai, kweli ninyamaze?

Nikaenda kuileta.

Diski ikawekwa kwenye kompyuta ya Mlezi, mbele ya ukumbi. Mkono ukatokea kwenye ukingo wa mto, kisha kichwa, kisha steringi mzima, nywele kavu kabisa. Ukumbi ulilipuka. Mlezi akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena.

"Yuko hai," akasema polepole. Akatupa alama. Tukashinda. Nikabebwa juujuu, na nikiwa bado huko juu nikamsikia akiuliza, "Na hii diski, Trela, ilikuwa wapi?"

Saa kumi kamili nilikuwa jikoni, mbele ya masufuria ya maharage, mimi niliyelipatia bweni ushindi! Rimoti alipita mlangoni akakimbilia kiti changu.

"Usijali, nitakuhadithia!"

"Thubutu! Anayehadithia hapa ni mimi!"

"Sugua chini, mwanangu," akasema Mpishi, mama mpole asiyeinua macho kutoka kwenye mchele anaouchagua. "Usilibembeleze, si mtoto hilo."

Ukuta wa jikoni ni mmoja na wa chumba cha televisheni. Nilisikia muziki wa mwanzo. Nilisikia ugomvi, mlango ukibamizwa, mtu akilia. Kisha bweni zima likapiga yowe moja, halafu vigelegele. Nani? Nilibandika sikio ukutani hadi likashika masizi.

Mlezi akatokea dirishani, akaegemea viwiko. Nilijua amekuja na msamaha.

"Trela."

"Naam, mwalimu."

"Ni babu. Anatembea vizuri kuliko mimi."

"Nilisema! Mwalimu, nilisema! Kipindi cha tisa, tope!"

"Sikuwa na sababu ya kukuambia," akasema, "ila nimesikia wewe huwa huwangoji wenzako waone wenyewe. Lile sufuria kubwa bado." Akaondoka akipiga mluzi, wimbo wa filamu ya daraja.

Nikageuka kumtafuta shahidi, mtu yeyote, mmoja tu, wa kukiri kwamba nilikuwa sahihi tangu kipindi cha tisa.

Mpishi akaacha mchele wake, akanitazama kwa huruma.

"Babu yupi?" akauliza.