Mlango wa Msajili

Fundi cherehani alivuka mpaka ili aolewe na mwoka mikate, ingawa baba yake, dereva wa lori, alikuwa ameapa kwamba hatatia mguu kwenye arusi hiyo.

Ofisini kwa msajili wa ndoa upepo ulipeperusha karatasi mezani, bibi arusi akainuka kufunga mlango.

"Uache, binti yangu," msajili alisema. "Hapa kwetu ndoa ndiyo hufungwa, mlango haufungwi. Ni sheria, ili mwenye pingamizi aingie."

"Kwetu ukiacha mlango wazi, ndoa haihesabiki," fundi alijibu, akacheka.

Msajili aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Kwenye korido mtu akakohoa, na fundi alikijua kikohozi hicho tangu utotoni. Baba yake alikuwa amesimama nje ya kizingiti, kofia mkononi.

"Mzee, una pingamizi?"

"Sina. Napita tu."

"Baba, unapita kilomita mia sita?" fundi aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Niliapa sitaingia, mwanangu. Mtu mzima hali matapishi yake."

Shahidi wa pili alikuwa karani wa ofisi, wa kuazima tu. Msajili alifunua kitabu cha sheria, akasoma polepole.

"Shahidi lazima aone na asikie," alisema. "Hawakuandika asimame wapi."

Basi karani alibeba daftari la ndoa mpaka mlangoni. Dereva aliliegemeza kwenye fremu, akatia sahihi kwa herufi kubwa, kisha akauliza kama keki italiwa ndani au nje.

"Nje, baba," mkwewe alijibu haraka.