Tundu la Pili Katika Taya la Wardah

Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024. Mvua ya vuli ilinyesha kidogo baada ya alfajiri, kisha jua likatoka kali na vichochoro vya Jomvu Kuu vikaanza kufuka mvuke. Nilikuwa bado juu ya msala wakati jirani wa binti yangu aliponipigia simu.

"Bi Dhahabu, njoo. Wanamtoa mwanao pepo."

Uradi wangu wa baada ya sala sikuumaliza. Mungu anisamehe.

Binti yangu Wardah nilimkuta amekalishwa mkekani nyumbani kwa mumewe, chetezo cha ubani chini ya pua yake. Shavu la kulia lilikuwa limevimba hata jicho limefinyika. Mama mkwe wake, Bi Intisar, alikuwa amemshika kichwa.

"Wewe nani? Sema jina lako!"

Wardah aliguna tu.

"Pepo bubu huyu," akasema Zubeda, shoga yake Intisar. "Hawa ndio wabaya."

"Bubu gani!" nikapiga kelele. "Hawezi kufungua kinywa kwa maumivu ya jino!"

Lilikuwa gego la chini. Wiki iliyopita daktari mmoja huko Kisauni alimchoma sindano ya ganzi. Mdomo ukafa ganzi, jino halikufa. Koleo lilipoligusa, Wardah alilia, naye daktari akamwambia mumewe, Sufyan, kwamba mkewe anajifanya. Sufyan akalibeba neno hilo hadi kwa mamake. Mamake akaamua: sindano isipomshika mtu, pepo ameizuia.

"Leo atakunywa kombe," Intisar akaniambia, "na usiku tutamfunga mikono mpaka aseme."

"Kombe hata mimi nanywa, ni maji yaliyooshea aya. Lakini aya za Mungu si kamba ya kumfungia mgonjwa. Wardah, simama!"

Sufyan alikuwa mlangoni. "Shikamoo, mama."

Sikumwitikia. "Tunakwenda kwa daktari mwingine. Ukibaki hapa, usiniite mama tena."

Akatufuata, kichwa chini.

Huko Changamwe, Daktari Nyamvula alimpiga Wardah picha ya taya, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akatuita karibu.

"Mshipa wa fahamu wa meno ya chini huingia ndani ya taya kwa tundu lililo huku nyuma. Watu wengi wana tundu moja kila upande. Wardah, kulia, anayo mawili. Mshipa wake umegawanyika kabla haujaingia, na tawi dogo lina mlango wake, juu zaidi. Sindano ililaza tawi moja, jingine likabaki macho."

"Ni ugonjwa?" Sufyan akauliza.

"Ugonjwa gani, kaka? Ndivyo alivyoumbwa. Wako wengine kama yeye, hawajijui tu."

Akapitisha sindano kati ya shavu na meno, akamchoma juu zaidi, kinywa kikiwa kimefumbwa vilevile. Tukangoja. Taya likalegea, kinywa kikafunguka, na jino likatoka bila Wardah kukaza hata kidole. Nilisema alhamdulillahi huku nalia, na machozi yale yalikuwa ya hasira. Mwanangu alisema kweli tangu siku ya kwanza. Wao wakamfukizia ubani.

Tuliporudi, wanawake walikuwa bado mkekani, bakuli la kombe katikati. Niliwaeleza aliyoyasema daktari, neno kwa neno.

"Matundu mawili!" Intisar akapiga makofi. "Si ndimo anamoingilia huyo pepo?"

Wakacheka. Zubeda alicheka mpaka buibui likamteleza kichwani. Wardah, pamba mdomoni, akageuza uso ukutani.

"Chekeni!" nikasema. "Aliyelitoboa tundu hilo ni Mola wenu. Mna neno naye? Haya, mwambieni alikosea!"

Kicheko kikakatika. Intisar akaanza kuikunja ncha ya mkeka.

"Bi Dhahabu, sisi tulikuwa tunamsaidia."

"Mngemfunga kamba usiku huu, na usaha shavuni! Angekufa mikononi mwenu, mkasema pepo kamuua." Nikamgeukia Sufyan. "Neno lilitoka kinywani mwako likaingia nyumba hii. Litoe kwa kinywa hicho hicho, au mke wako naondoka naye sasa hivi."

"Sufyan, keti," mamake akasema.

Hakuketi. Alimtazama mamake, akamtazama Wardah.

"Wallahi," akasema, "mbele yenu nyote, na wewe mama yangu ukiwamo: Wardah hana pepo. Akisema anaumwa, nitamwamini. Na atakayemshika tena kwa nguvu, hata akiwa ni wewe mama, mimi na mke wangu tutahama nyumba hii."